Milingoti Mitatu Katika Bandari ya Unguja

Picha ya kale haisemi yenyewe, lakini hujibu ikiulizwa vema. Zipo picha za bandari ya Unguja za mwanzo wa karne ya 20 ambamo milingoti mitatu na dohani vimechomoza majini mbele ya majumba ya Forodhani. Atazamaye kwa haraka hudhani kuwa ni stima ya shehena iliyozama kwa ajali, kisha akapita. Yatupasa tuiulize picha hiyo maswali matatu.

La kwanza ni la pwani. Mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya Beit el-Ajaib uliharibiwa kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Na mwaka 1897 mnara mwingine, wenye saa, ukajengwa katika uso wa jumba lenyewe. Basi picha ionyeshayo mnara huo wa pili haikupigwa kabla ya vita.

La pili ni la umbo. Manowari ya Kiingereza Pegasus nayo ilizama katika bandari hii, ilipopigwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Lakini Pegasus ilikuwa na milingoti miwili na dohani mbili. Kwa hiyo siyo.

La tatu ni la mahali. Chombo kimelala mbele ya kasri, palepale ilipotia nanga Glasgow, merikebu ya Sultani. Iliundwa Scotland mwaka 1878 kwa amri ya Seyyid Barghash, baada ya merikebu zake kuangamizwa na tufani ya Aprili 1872. Seyyid Khalid bin Barghash alipokataa kushuka katika kiti cha enzi, Glasgow iliwajibu Waingereza kwa mizinga yake midogo, ikapigwa, ikazama. Milingoti yake ilibaki juu ya maji hata mwaka 1912, ilipovunjwa. Majibu yote matatu yanakutana: chombo ni Glasgow, na picha ni ya kati ya 1897 na 1912.

Je, jina la chombo lina uzito gani? Vita vile havikutimiza saa moja, lakini watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa miaka ipatayo 15 kila mwenye kushuka Forodhani aliiona milingoti ile, naye alijua maana yake. Kuandika chini ya picha kuwa ni "stima ya shehena" ni kuigeuza vita kuwa ajali, na kuwafuta waliokufa. Tena mnara wa saa nao ulianguka tarehe 25 Desemba 2020. Mashahidi wa mawe na mbao wakiisha kuondoka, picha ndiyo iliyosalia. Na ushahidi wake hautufai kitu ikiwa tumeuandikia jina lisilo lake.