Quincy Jones: Fundi wa kujua nani aitwe studio

Usiku wa Januari 28, 1985, Kiswahili kilizua ubishi katika studio za A&M, Hollywood. Wasanii zaidi ya 40 wa Marekani walikuwa wakirekodi "We Are the World", wimbo wa Michael Jackson na Lionel Richie wa kuchangia waliokumbwa na njaa. Stevie Wonder akashauri kipande kimoja kiimbwe kwa Kiswahili. Mwanamuziki Bob Geldof, aliyekuwa ametoka kuiona njaa ya Ethiopia kwa macho yake, akawakumbusha kuwa Waethiopia hawasemi lugha hiyo. Waylon Jennings, nyota wa muziki wa kantri, akajiondokea. Kiswahili kikawekwa kando, na kulipopambazuka wimbo ulikuwa umekamilika.

Aliyewatuliza mastaa hao alikuwa prodyuza Quincy Jones, ambaye tangu mapema alibandika tangazo mlangoni: kila mtu aache majivuno yake nje.

Jones alizaliwa Chicago mwaka 1933. Mama yake aliugua akili na kulazwa hospitalini watoto wakiwa bado wadogo, na baadaye baba akahamia na wanawe jimbo la Washington. Huko, akiwa na miaka 11, Quincy na wenzake walivunja ukumbi mmoja wa burudani wakitafuta chakula. Mle ndani akakuta piano, akaigusa, na kuanzia hapo akaupa utundu kisogo. Alijifunza tarumbeta, na mjini Seattle akafanya urafiki na kijana kipofu aliyemzidi miaka michache, Ray Charles.

Alizunguka na bendi ya Lionel Hampton, kisha mwaka 1957 akaenda Paris kusoma utunzi kwa Nadia Boulanger. Lakini alipoongoza bendi yake mwenyewe Ulaya, ziara ilimwachia madeni. Akakubali ajira katika kampuni ya Mercury, na mwaka 1964 akawa makamu wa rais wake, cheo ambacho Mmarekani mweusi hakuwahi kukishika katika kampuni kubwa ya santuri inayomilikiwa na wazungu. Mwaka uliotangulia alikuwa ametengeneza "It's My Party" ya Lesley Gore, binti wa miaka 16, iliyoshika namba moja Marekani.

Mwaka 1974 mshipa wa ubongo ulipasuka. Alipona baada ya upasuaji, lakini madaktari walimwonya asipulize tena tarumbeta.

Alifanya kazi na Michael Jackson katika filamu ya "The Wiz" ya mwaka 1978. Wakubwa wa kampuni ya Epic walinung'unika kwamba mzee huyu wa jazi hamfai kijana wao. Jibu lilikuja mwaka 1979 na "Off the Wall", kisha mwaka 1982 na "Thriller", inayotajwa kuwa albamu iliyouzwa kuliko zote duniani.

Hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana wazi. Nyimbo za kubeba jina la albamu zote mbili alimwachia Rod Temperton, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya samaki wa kugandisha. Kwenye mitambo alikaa Bruce Swedien. "Beat It" ilipohitaji gitaa kali, alimpigia simu Eddie Van Halen wa muziki wa roki. Vincent Price, mwigizaji wa filamu za kutisha, akaletwa kusimulia mwishoni mwa "Thriller". Jones mwenyewe aliandika "P.Y.T." pamoja na James Ingram.

Na Kiswahili? Kilirudi mwaka 1987 kwenye albamu ya "Bad", aliyoitengeneza pia. "Liberian Girl" inaanza na maneno machache ya mapenzi kwa Kiswahili, yakitamkwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini, aliyeshirikiana na Jones kwenye muziki wa tamthilia ya "Roots". Liberia nako hakusemwi Kiswahili, ila safari hii hakuna aliyetoka studio.

Jones alifariki Novemba 3, 2024, akiwa na miaka 91 na tuzo 28 za Grammy. Kufikia hapo kazi zake zilikuwa zimeshapita mikononi mwa vizazi vingine: 2Pac alichukua kipande cha "Body Heat" yake ya 1974 akakijengea "How Do U Want It", na Kanye West akaichota "P.Y.T." kwa ajili ya "Good Life". The Weeknd alipotoa "Dawn FM" mwaka 2022, alimwita mzee mwenyewe aingie kwenye albamu hiyo na kusimulia maisha yake.