Kutoka Mali Kauli hadi Ujasiriamali: Historia ya Dhana Moja katika Shahada za Biashara Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna ujasiriamali ulivyoingia katika shahada za kwanza za usimamizi wa biashara Afrika Mashariki, hususan Uganda na Tanzania, na namna msamiati wa Kiswahili ulivyoitangulia dhana hiyo, ukaitilia shaka na hatimaye ukaipokea. Hoja kuu ni kwamba somo hilo lilikuja na neno jipya katika lugha iliyokuwa tayari na maneno yake ya biashara, na kwamba baadhi ya maneno hayo yalikuwa yametiwa doa na siasa za kati ya mwaka 1967 na 1983. Pengo lililopo leo kati ya ukumbi wa mihadhara na soko linaeleweka vyema zaidi historia hiyo ikizingatiwa.

1. Utangulizi

Somo la ujasiriamali ni changa katika vyuo vikuu vya dunia. Kozi inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ni ile iliyofundishwa na Myles Mace katika shule ya biashara ya Harvard, Marekani, mwaka 1947. Dhana yenyewe ni ya kale zaidi. Richard Cantillon, katika kitabu kilichochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1755 baada ya kifo chake, alimweleza mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Mwanzoni mwa karne ya 20, Joseph Schumpeter aliongeza sifa ya pili: mtu huyo huleta mpangilio mpya, uwe wa bidhaa, wa njia ya uzalishaji au wa soko. Mashaka ya bei na upya wa mpangilio ndiyo mihimili miwili ambayo mhadhiri wa somo hili huanza nayo popote alipo. Swali la makala haya ni je, mihimili hiyo ilipofika Afrika Mashariki ilikuta nini katika lugha?

2. Biashara ya mashaka kabla ya chuo

Kiswahili hakikusubiri chuo kikuu ili kiwe na maneno ya kubeba mashaka ya biashara. Istilahi ya *mali kauli* ni kielelezo cha wazi. Mfanyabiashara huchukua bidhaa kwa ahadi tu, akaziuza, kisha akarudi kulipa. Dhamana yake ni kauli. Ndani ya maneno hayo mawili mna mkopo, muda, uaminifu na hatari ya hasara, yaani mambo ambayo leo hufundishwa katika mada nne tofauti.

Misafara ya karne ya 19 iliendeshwa kwa mikopo ya namna hiyo. Matajiri wa Unguja, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walitoa bidhaa na fedha kwa viongozi wa misafara walioelekea bara na kukaa huko kwa miaka. Taria Topan, mmoja wa matajiri hao, alimkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip. Habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa matini chache za wakati huo ambamo mtu wa biashara anasimulia madeni, safari na mapatano yake kwa lugha hii.

Matini hiyo haifai kusomwa kama sifa. Biashara iliyosimuliwa humo ilikuwa ya pembe za ndovu, na ilifungamana na utumwa na uporaji. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa darasani: inaonyesha kwamba uthubutu wa kibiashara ukikosa mipaka ya maadili huweza kuangamiza jamii nzima. Mwanafunzi anayefundishwa uthubutu pasipo kuonyeshwa upande huo amefundishwa nusu ya historia.

3. Maneno yaliyotiwa doa

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi za Tanzania mikononi mwa umma. Pamoja na sera hiyo ulistawi msamiati wa kisiasa uliomweka mtu wa biashara binafsi upande wa lawama: *bepari*, *mnyonyaji*, *kupe*. Mwaka 1983, wakati wa uhaba mkubwa wa bidhaa, kampeni dhidi ya *walanguzi* na *wahujumu uchumi* iliyafikisha maneno hayo mahakamani kwa kutungiwa sheria maalumu.

Hata hivyo, picha haikuwa ya rangi moja. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973, katikati ya kipindi hicho hicho. Kiwanda kidogo kilikubalika. Aliyetiliwa shaka ni mwenye nacho pindi anapokikuza. Elimu ya juu ya biashara nayo haikusimama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Biashara na Usimamizi mwaka 1979. Katika uchumi wa wakati huo, mhitimu wake alitazamiwa kusimamia shirika la umma, si kuanzisha lake.

Uganda ilipitia njia nyingine ikafika mahali pa kufanana. Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na biashara zao zikagawiwa watu wengine, wakiwamo wanajeshi. Waliotajirika kwa ghafla waliitwa *mafutamingi*, na uchumi wa kificho uliofuata ukaitwa *magendo*. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili. Mwaka 1973 utawala huo huo ulikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo, kwa Waganda wengi wa kizazi hicho, lugha hii ilisikika katika amri ya askari na katika bei ya sukari ya magendo. Watunga sera wanaoshangaa kwa nini Kiswahili hakikupokelewa kwa moyo mkunjufu nchini humo wanapaswa kuikumbuka historia hiyo.

4. Neno jipya, somo jipya

Mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 nchini Tanzania, na mwaka 1987 nchini Uganda, yalipunguza uwezo wa serikali kuwaajiri wahitimu. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwaondolea viongozi wa Tanzania masharti ya kutojihusisha na biashara. Nchini Kenya, ambako ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kuonyesha uzito wa sekta isiyo rasmi, waraka wa serikali wa mwaka 1992 uliifanya *jua kali* kuwa suala la sera.

Katika mazingira hayo, aliyeitwa mlanguzi alihitaji jina jingine. Neno *mjasiriamali*, lililoungwa kwa *jasiri* na *mali*, lilienea tangu miaka ya 1990 katika miradi, sera na magazeti. Muundo wake ni wa kusifu: humtaja mtu kwa ujasiri wake, wala haliulizi mali ilipatikanaje. Lilisafisha jina la biashara, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini kati ya mihimili miwili iliyotajwa hapo awali, lilibeba mmoja tu. Ujasiri unagusa mashaka. Upya wa mpangilio haumo.

Vyuo vilifuata. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere iliundwa mwaka 1997, na miongoni mwa shahada zake imo ya ujasiriamali na usimamizi wa biashara ndogo. Katika shahada za usimamizi wa biashara za vyuo vingine, somo hilo limekuwa kozi ya kawaida. Uganda na Rwanda zimelishusha hadi shule za sekondari. Popote lilipofika, lilifundishwa kwa Kiingereza.

5. Pengo na gharama yake

Matokeo ni kwamba wazo moja lina makao mawili. Darasani, mwanafunzi huandika mpango wa biashara kwa Kiingereza na kupimwa kwa uvumbuzi. Nje ya darasa, hasa nchini Tanzania, *mjasiriamali* ni mama anayekaanga maandazi au kijana anayetembeza nguo. Neno limesinyaa hadi kumaanisha mwenye mtaji mdogo. Mhitimu anayeliona jina lake la kitaaluma likitumika hivyo huona aibu kulichukua, na mama wa maandazi haambiwi kwamba chuo kina jambo linalomhusu.

Mfano wa *bodaboda* unaonyesha kinachopotea. Usafiri huo ulianza kwa waendesha baiskeli waliowavusha abiria na mizigo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Jina lenyewe limetokana na wito wa kuwapeleka watu kutoka mpaka hadi mpaka. Huo ni mpangilio mpya kwa maana kamili ya Schumpeter: chombo cha zamani, huduma mpya, soko ambalo halikuwapo. Waliouanzisha hawakuwa na shahada. Swali linalostahili kuwekwa mbele ya mwanafunzi wa shahada ni kwa nini mpangilio huo ulifaulu pale mpakani, na mtu hawezi kulijibu bila kuzungumza na waendeshaji kwa lugha yao ya kazi.

6. Hitimisho

Mazingira ya kisera yamebadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali mwaka 2021 Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo yatabaki juu juu iwapo shahada zinazowaandaa watu wa soko hazitaguswa.

Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki zishirikiane kuandaa istilahi za usimamizi wa biashara, zikianzia maneno yaliyo hai sokoni kama *mali kauli* na *upatu* kabla ya kuunda mapya. Pili, kila mwanafunzi wa kozi ya ujasiriamali katika maeneo yanayotumia Kiswahili afanye walau utafiti mmoja wa soko kwa lugha hiyo, na matokeo yake yarudishwe kwa waliohojiwa kwa maandishi wanayoweza kuyasoma. Tatu, historia ya biashara ya kanda hii, pamoja na aibu zake, iingizwe katika mtaala wa somo.

Hatua hizi haziondoi Kiingereza katika vyuo wala hazidai kwamba neno *ujasiriamali* libadilishwe. Neno limekwisha kukita mizizi. Lililobaki ni kulijaza maana lililoikosa tangu kuundwa kwake, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na wanaisimu peke yao. Inawahitaji wahadhiri wa biashara, na inawahitaji zaidi wale wanaouza kwa bei wasiyoijua kila siku.