Jina la Mashine na Kikoa Chake

Kila seva ya Linux ina majina mawili ambayo wasimamizi wachanga huyachanganya. La kwanza, hostname kwa Kiingereza, wengi hulitafsiri "jina la mwenyeji". Tafsiri hiyo siipendi: ukimtajia Mswahili mwenyeji, anafikiria mtu anayepokea wageni, si kompyuta. "Jina la mashine" linaeleweka papo hapo.

La pili ni jina la kikoa, na hapa istilahi imepata mahali pake. Kikoa, kwa maana ya zamani, ni ushirika wa watu wanaokula pamoja, kila mmoja akitoa chakula kwa zamu yake. Mashine za kikoa kimoja nazo zina ushirika wao. Katika barua.example.com, "barua" ni mashine, example.com ni kikoa, na yote kwa pamoja ndiyo jina kamili.

Jina la mashine huwekwa kwa amri hii:

hostnamectl set-hostname barua

Linaandikwa kwenye faili /etc/hostname, kwa hiyo halipotei seva ikizimwa. Tumia herufi, tarakimu na kistari tu, zisizidi 63.

Kwa desturi ya Debian, kikoa hakiingizwi humo. Seva hukijua kwa kulitafuta jina lake yenyewe, ama kwenye DNS, ama kwenye faili /etc/hosts yenye mstari kama huu:

127.0.1.1 barua.example.com barua

Jina kamili litangulie, fupi lifuate. Ukiyageuza, amri hostname -f itakupa jina fupi badala ya kamili.

Jihadhari pia na amri domainname. Jina lake linamfanya mtu aamini kwamba ndiyo inayoweka kikoa cha intaneti, kumbe inahusu NIS, mfumo wa zamani uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems. Ya DNS ni dnsdomainname, nayo kazi yake ni kuonyesha tu.

Anayeumia zaidi jina likikosewa ni mwenye seva ya baruapepe. Seva hiyo hujitambulisha kwa jina kamili kila inapoifikia nyenzake, na jina lisipolingana na anwani yake ya IP, barua huweza kukataliwa au kutupwa kwenye taka. Basi kabla hujasakinisha programu ya barua, andika hostname -f, usome jibu, kisha uhakikishe kwamba DNS inasema vivyo hivyo.