Gari Moja kutoka Masanduku Mawili

Ukisimama kando ya barabara kuu yoyote ya Kenya, msomaji, utaona likipita basi lililoundwa na watu wasiojuana. Chesisi na injini yake vilibuniwa katika kiwanda cha malori. Mwili, viti na madirisha vikajengwa na mafundi wengine hapa nchini. Abiria hupanda, wakafika waendako, wala hawajui kiungo kiko wapi. Huu ni ufundi wa kuunganisha, nao una historia yake. Katika kurasa hizi tutaufuata kwa njia ya kitu kidogo kiwezacho kukaa juu ya kiganja: gari la mfano lililoundwa kwa kuchanganya vipande vya masanduku mawili. Tutakapofika mwisho, hapana budi tujibu swali moja. Mtu akichukua vipande vilivyotengenezwa na wengine, je, kazi itokayo mikononi mwake ni yake?

Twende kwanza Marekani, katika mwaka wa 1930. Mwaka huo Fisher Body, tawi la kampuni ya General Motors lililojenga miili ya magari, lilianzisha mashindano kwa vijana. Hapo mwanzo kila mshindani alitakiwa kuunda mfano wa gari la farasi la fahari, la zama za Napoleon. Baadaye mashindano yakageukia magari ya injini, na kila kijana akatakiwa kubuni umbo lake mwenyewe. Hapakuwa na vipande vya kununua. Kijana alichonga mti au alifinyanga plasta kwa miezi mingi, akapiga msasa, akapaka rangi, ndipo akapeleka kazi yake kuhukumiwa. Washindi wakuu walipewa fedha za kusomea chuoni. Mmoja wao, Charles Jordan, alishinda mwaka wa 1947. Mwaka wa 1986 akawa mkuu wa usanifu wa magari yote ya General Motors. Lakini mlango huo ulikuwa mwembamba. Ulihitaji ujuzi mkubwa na muda mrefu, na wasichana hawakuruhusiwa kushindana mpaka mashindano yenyewe yalipofungwa mwaka wa 1968.

Kilichoupanua mlango kilikuwa ni plastiki. Baada ya Vita Kuu vya Pili, viwanda vingi vilizoea kuyeyusha plastiki iitwayo polistirini na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikatoka na kila mstari na kila tundu la kitu kinachoigwa. Kalibu ilikuwa ghali, bali kila kipande kilichotoka ndani yake kilikuwa rahisi. Mwaka wa 1949 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitengeneza mfano wa trekta ya Ferguson, jina ambalo wakulima wetu wanalijua vema, ili utumiwe na wauza trekta. Hatimaye mfano huo uliuzwa kwa umma ukiwa vipande vipande, mnunuzi auunganishe mwenyewe. Huko Marekani, katika eneo la Detroit, kampuni ya AMT iliyoanzishwa mwaka wa 1948 ilitengeneza magari madogo ya kuwekwa mezani pa wauza magari. Angalia basi jinsi mambo yanavyogeuka: vitu vilivyokusudiwa kuwavuta wanunuzi wazima viliishia mikononi mwa watoto.

Wakati huo huo, huko California, vijana walikuwa wakiyafanya magari ya kweli yale ambayo wengine wangeyafanya magari ya mfano baadaye. Walinunua magari ya Ford yaliyochakaa, wakayavua madigadi, wakatia injini zenye nguvu zaidi zilizotoka katika magari mengine, kisha wakaenda kushindana mbio katika mabonde makavu ya jangwani. Gari la Ford la mwaka wa 1932 lilipendwa mno, kwa kuwa ndilo lililoleta injini ya silinda 8 kwa bei ya watu wa kawaida. Mwaka wa 1948 likatoka gazeti la Hot Rod, likaeneza habari za vijana hao nchi nzima. Watoto wengi waliosoma habari hizo hawakuwa na umri wa kuendesha gari, wala fedha za kununua hata gurudumu moja. Tamaa walikuwa nayo; njia hawakuwa nayo.

Njia ilipatikana mwaka wa 1958. AMT ilianza kuuza sanduku lenye vipande vya kuunda gari moja kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, au lililorembwa, au la mashindano. Kwa kuwa mtoto aliweza kuchagua namna moja tu, vipande vya namna mbili vilibaki. Alipomaliza sanduku la pili, masalio yaliongezeka. Yamkini hakuna mtu awezaye kusema ni nani wa kwanza kuitia injini ya sanduku hili katika mwili wa sanduku lile; lakini mtu mwenye masalio ya masanduku mawili mezani pake hahitaji kufundishwa wazo hilo.

Wazo ni jepesi. Kazi ndiyo ngumu. Jambo la kwanza ni kipimo. Magari mengi ya mfano huundwa kwa kipimo cha 1/24 au 1/25, na kwa macho tofauti hiyo ni ndogo. Hebu tupige hesabu. Gari la kweli lenye urefu wa sentimita 500 litakuwa na sentimita 20.8 kwa kipimo cha kwanza, na sentimita 20 kamili kwa kipimo cha pili. Tofauti ni milimita 8. Ukitaka mwili wa sanduku moja uketi juu ya chesisi ya jingine, milimita 8 ni nyingi: magurudumu hayatakaa katikati ya nafasi zake. Kwa hiyo fundi hupima umbali kati ya ekseli mbili kabla ya kugusa msumeno. Ikiwa chesisi ni ndefu, huikata katikati na kuipunguza. Ikiwa ni fupi, huongeza kipande.

Kukata nako kuna adabu yake. Fundi hukata nje kidogo ya mstari, kisha hupunguza kwa msasa, maana kilichoondolewa hakirudi. Bandu bandu huisha gogo. Gundi yake huyeyusha nyuso mbili za plastiki, zikaingiana na kuwa kitu kimoja. Kwa sababu hiyo hutumiwa kidogo kidogo, na dirisha likiwa wazi, kwani mvuke wake una madhara. Ufa uliobaki hujazwa kwa bandiko laini ambalo hukauka na kuwa gumu, kisha hupigwa msasa. Mwisho hupakwa rangi ya kwanza ya kijivu, nayo ndiyo hakimu: kosa lililofichika kwenye plastiki yenye rangi mbalimbali huonekana mara moja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Katikati ya miaka ya 1960 ndugu wawili wa Detroit, Mike na Larry Alexander, walilibadili gari dogo la mizigo la Dodge kwa mchoro wa Harry Bradley. Kwa kioo cha mbele walitumia kioo cha nyuma cha gari la Ford la mwaka wa 1960. Gari hilo, lililoitwa Deora, lilipata tuzo ya Ridler huko Detroit mwaka wa 1967. Kampuni ya Dodge haikuwahi kulifikiria, wala kampuni ya Ford. Kisha AMT ikatoa mfano wake katika sanduku, na hivyo gari la mchanganyiko likawa lenyewe chanzo cha michanganyiko mingine. Hata vyombo vya angani katika filamu ya Star Wars ya mwaka wa 1977 vilivikwa vipande vya vifaru na ndege vilivyotolewa katika masanduku ya dukani.

Jibu, basi, liko katika kiungo. Vipande ni vya kiwanda, lakini hakuna kiwanda kilichoamua kwamba vikutane, na hakuna kalibu iliyotoa ule mstari mwembamba ambapo viwili vimekuwa kimoja. Hapo ndipo penye fikra ya mtu, kipimo chake na subira yake. Na hapo ndipo apasikapo kuhukumiwa. Asemaye kwamba kuchanganya ni wizi wa kazi ya wengine, na ajaribu kupatanisha milimita 8. Nawe, utakapopanda tena basi lile, litazame pale mwili unapokutana na chesisi, ukumbuke kwamba kuna mtu aliyepapima mahali hapo.