Sungura wa kufugwa: lishe yake katika Milima ya Usambara

Sungura wa kufugwa, Oryctolagus cuniculus, ni mla majani mwenye asili ya Rasi ya Iberia, kusini magharibi mwa Ulaya. Yule wa hadithi za jioni anayemzidi fisi akili ni mwingine: ni sungura wa porini, wa jenasi Lepus. Makala hii inahusu ulishaji wa mnyama wa bandani huko Lushoto, Soni na Mlalo.

Meno na tumbo

Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka milimita 2 hivi kila wiki. Kutafuna majani yenye nyuzinyuzi ndiko kunakoyapunguza, na nyuzinyuzi hizohizo husukuma chakula tumboni. Sungura hatapiki. Akikaa nusu siku bila kula, ni mgonjwa wa kuhudumiwa upesi. Katika utumbo kipofu, vijidudu huchachusha majani, kisha hutoka kinyesi laini anachokila papo hapo. Wafugaji wapya hukidhania kuhara. Kumbe humo mna protini na vitamini za kundi B, asizuiwe.

Majani

Lushoto ni nchi ya kabichi, karoti na hoho zinazoshuka kwa malori hadi Mombo na kuendelea Dar es Salaam, kwa hiyo mgeni hudhani sungura wa huko hula karoti. Chakula chake hasa kiko kwenye kingo za matuta. Mradi wa SECAP wa kuhifadhi udongo, ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, ulihimiza kupanda nyasi za gwatemala kukinga makorongo na kulisha ng'ombe wa bandani. Nyasi hizo hubaki kijani kiangazi. Majani yake machanga, pamoja na ya matete, humfaa pia sungura, ila protini yake ni haba. Mfugaji makini huchanganya na mchunga, kishonanguo au majani ya viazi vitamu.

Nyasi kavu au mbichi ziwe mbele yake usiku na mchana, kiasi cha asilimia 80 ya mlo wote. Ugumu wa Usambara ni ukungu: masika, kuanzia Machi hadi Mei, nyasi hazikauki upesi, na zilizorundikwa mbichi huota kuvu hatari. Zianikwe kwenye kichanja chini ya paa, zipitiwe na upepo. Lusani, yenye kalsiamu nyingi, ni ya watoto na majike wanaonyonyesha.

Mboga na matunda

Majani ya karoti ni bora kuliko karoti yenyewe, ambayo ina sukari nyingi. Kipande cha kidole gumba kinatosha. Kabichi ianzishwe kidogo kidogo, maana huweza kumjaza gesi. Tunda damu, plamu na pichisi zinazojaa masokoni mwishoni mwa mwaka ni kionjo tu, bila kokwa. Parachichi, majani yake na tunda lake, ni sumu kwake. Vilevile vitunguu na majani ya viazi mviringo na nyanya, mazao yaliyozagaa kila shamba la wilaya ya Lushoto. Watoto wanaotumwa kukata majani waonyeshwe mimea hiyo kwanza.

Pumba na mkate

Wanga mwingi huvuruga vijidudu vya tumboni. Pumba iwe kiganja kimoja. Mkate na ugali asipewe.

Maji

Mililita 100 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, safi daima.

Hali ya sasa

Chakula cha vidonge hupatikana zaidi mijini. Milimani, majani ya kukatwa kwa mundu bado ndiyo tegemeo.