Mate ya panya na ngozi inayotembea

Wandugu wa promo, nilipokuwa mwaka wa pili, mbabula iliniangukia mguuni. Kila asubui mama alifungua kidonda na kusema: "Angalia pembeni, katikati itafuata." Mimi, mwanafunzi wa biolojia, nilifikiri ngozi inajaza shimo kwa kuzaliana tu: seli moja inatoa mbili, basi.

Hata wakubwa wa labo walichukua muda kuelewa. Huko Marekani, Stanley Cohen alikuwa akichunguza kitu kinachokuza neva, kazi aliyoanza na Rita Levi-Montalcini. Alidunga vitoto vya panya maji yaliyotolewa kwenye tezi za mate za panya dume. Macho, ambayo kwa kawaida yanafunguka karibu na siku ya 13, yalifunguka siku ya 7! Mwingine angeacha, juu haikuwa kazi yake. Yeye akafuata, na 1962 akatangaza protini ile. Njo hii tunaita EGF, kichocheo cha ukuaji wa ngozi ya juu. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Nobel.

Neno "ukuaji" njo lilitupoteza. Mwaka 1987, Yann Barrandon na Howard Green walifuatilia makundi ya seli za ngozi ya binadamu kwenye sahani za labo. Seli za pembeni zilikuwa zinatembea kwenda nje, na EGF iliongeza mwendo wao. Zisipotembea, za ndani zinabanana na kundi linachelewa kukua. Mama alikuwa na haki.

Miaka ileile, Uingereza, Michael Stoker na wenzake walichukua maji ambamo seli nyingine, fibroblasti, zilikuwa zimeishi, wakayaweka juu ya seli zilizoshikana kama matofali. Zikaachana, kila moja ikashika njia yake. Mwaka 1991 ikajulikana kwamba kitawanyishi kile ni kitu kimoja na HGF, kinachokuza seli za ini. Tena, mu labo, kilisukuma seli za kansa kutoboa kolajeni na kuingia ndani.

Kwenye kidonda, seli zikikutana katikati zinasimama. Kwenye kansa, amri ya kutembea haizimiki. Ndiyo maana dawa kama cetuximab inafunga kipokezi cha EGF. Nyinyi wa hospitali, mgonjwa anayepewa dawa hiyo akitoka vipele usoni, musishangae: kipokezi kilekile kiko pia kwenye ngozi yake nzima.