Mchezaji Huru na Kipande cha Babu

Mwezi Agosti mwaka 2025, siku chache baada ya Clatous Chama kutangazwa kuwa mchezaji wa Singida Black Stars, nilikuwa safarini kwenda Mwanza, na basi letu likapasuka tairi Misigiri. Wanaoijua barabara hiyo wanafahamu kwamba hapo ndipo njia ya Kiomboi inapoachana na ile iteremkayo Sekenke kuelekea Shelui, Igunga na Nzega, na kwamba ni nadra abiria kupita bila kununua kitu: kuku, vitunguu, mafuta ya alizeti. Kwangu mimi pale ni zaidi ya kituo. Ndiko ilikokuwa nyumba ya babu yangu mzaa baba. Kwa hiyo sikununua kitu, nilitafuta kivuli.

Chini ya mti palikuwa na waendesha bodaboda sita au saba, na mjadala wao ulikwisha kupamba moto. Aliyevaa jezi nyekundu alishikilia kwamba Chama ni msaliti tangu alipoondoka Simba kwenda Yanga, na msaliti hatakaswi kwa kuhamia Singida. Mwenzake wa jezi ya kijani na njano, ambaye bila shaka mwaka mmoja nyuma aliushangilia usajili huohuo, sasa naye alikuwa na kinyongo chake. Wa tatu akasema hayo hayamhusu. Mchezaji amekuja Singida, basi ni wetu. Ndipo kijana mmoja, ambaye nilisoma na baba yake shule ya msingi, aliponitambua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Tuamulie, Mwalimu. Mtu akitoroka alikolelewa, si msaliti huyo?"

Niliwajibu kwa ufupi, kwa kuwa fundi wa tairi alikuwa amekwisha anza kazi. Jibu refu ndilo hili.

Kilichonikamata katika swali lile si neno usaliti, bali kutoroka. Chama hakutoroka popote. Aliingia Simba mwaka 2018, akauzwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarejea Simba Januari 2022, na mkataba wake ulipofika ukingoni katikati ya mwaka 2024 akasaini Yanga, waliomtangaza Julai 1. Hapakuwa na mkataba uliovunjwa wala fedha ya mtu iliyopotea. Alikuwa kile ambacho kwa lugha ya soka tunakiita mchezaji huru. Hata hivyo, kijana mwenye akili timamu, chini ya mti, Misigiri, alimwona kama mtoro. Neno hilo tumelipata wapi?

Babu yangu alilifahamu vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alichukuliwa na wakala wa kazi, akapelekwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Alikuwa manamba, jina litokanalo na namba walizopewa watu wa aina yake. Singida ilikuwa miongoni mwa maeneo ya bara yaliyotoa nguvu kazi hiyo kwa mashamba ya Tanga, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao mahsusi ya kuandikisha watu, SILABU. Mtu alipewa kadi, kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyoumwa haikuandikwa. Mshahara ulitolewa siku zote 30 zilipotimia. Na Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilikuwa na kifungu ambacho vijana wa leo hawawezi kukisadiki: mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakuwa amevunja makubaliano tu, bali alikuwa ametenda jinai. Aliitwa mtoro, na mtoro alikamatwa na askari.

Sisemi kwamba mchezaji anayelipwa mamilioni kwa mwezi ni manamba. Anayelinganisha mambo hayo mawili moja kwa moja anawatukana marehemu wetu. Ninasema tu kwamba lugha tunayomhukumia mchezaji ni ya zama zile, na kwamba michezo ya kulipwa yenyewe, huko ilikokomaa, ilijengwa juu ya fikra hiyohiyo: kwamba mkataba ukiisha, mtu haishi nao.

Tuanze na mpira wa kikapu wa Marekani, kwa sababu ndiko mambo yalikokuwa wazi zaidi. Kwa miongo kadhaa mchezaji wa NBA aliyemaliza mkataba hakuwa huru. Kifungu kilichoandikwa katika mkataba wenyewe kiliipa timu haki ya kuendelea kummiliki. Angeweza kukataa kucheza, lakini asingeweza kuchezea wengine. Mwaka 1970 Oscar Robertson, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa enzi zake na rais wa chama cha wachezaji, alikwenda mahakamani pamoja na wenzake kuipinga NBA. Suluhu ilipatikana mwaka 1976. Robertson alikuwa amekwisha staafu miaka miwili kabla yake, hivyo mlango alioupigania hakuupita yeye. Na hata baada ya hapo mlango ulifunguliwa nusu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1988 ndipo Tom Chambers akaweza kuondoka Seattle kwenda Phoenix bila timu aliyoiacha kuwa na haki ya kumzuia.

Ulaya nayo ilichelewa. Mbelgiji Jean-Marc Bosman alimaliza mkataba wake na RFC Liège mwaka 1990 akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Klabu yake ikadai ada kwa mtu ambaye haikuwa tena na mkataba naye. Uamuzi wa Mahakama ya Haki ya Ulaya ulitoka Desemba 15, 1995, miaka mitano baadaye, wakati miguu ya Bosman imekwisha kuchoka. Ni desturi ya kesi hizi: anayezifungua huwa hafaidi.

Sasa nije kwa mtu wetu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, akawatangulia James Harden na Stephen Curry, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini tazama alivyokwenda. Memphis walimchagua, drafti haimuulizi mtu anataka kuishi wapi. Februari 2011 wakambadilishana na Houston. Machi 2012 Houston wakampeleka Portland. Katika safari zote hizo tatu yeye alikuwa mzigo uliofungwa kamba na kubandikwa anwani, kwa kuwa katika NBA mchezaji hubadilishwa bila ridhaa yake, isipokuwa wachache wenye kinga hiyo katika mikataba yao. Ni mara moja tu, Julai 2012, mkataba wake ulipokwisha, alipoketi mezani kama mtu huru na kusaini Oklahoma City. Alikaa misimu miwili. Agosti 2014 wakampeleka Philadelphia, ambao walimwacha ndani ya siku chache, kabla hajawachezea hata mchezo mmoja.

Sijasikia hata mtu mmoja, Oklahoma au Dar es Salaam, akiwaita Memphis, Houston au Philadelphia wasaliti. Timu ikimwondoa mchezaji tunasema ni biashara. Mchezaji akiiondokea timu tunatafuta kiberiti, na si kwa mfano tu. Mwaka 2010 LeBron James alipomaliza mkataba wake Cleveland na kutangaza kwamba anakwenda Miami, mashabiki walichoma jezi zake, na mmiliki wa timu akaandika barua ya hasira akimtuhumu kwa usaliti. Mchungaji Jesse Jackson alijibu kwamba mmiliki huyo anamwona LeBron kama mtumwa mtoro. Wengi waliona Jackson amepita kiasi, na huenda kweli alipita. Lakini mjukuu wa manamba alilisoma neno lile, mtoro, na hakucheka. Miaka sita baadaye Kevin Durant, aliyekuwa nyota wa Oklahoma katika misimu ile miwili ya Hasheem, aliondoka kwenda Golden State, na moto ukawashwa tena.

Hapa nyumbani, kesi tunayopaswa kuisoma kwa makini ni ya Feisal Salum, Fei Toto. Watu wa Singida wana sababu ya ziada ya kuikumbuka: mwaka 2018 kiungo huyu Mzanzibari alitambulishwa kwanza na Singida United, na muda si mrefu akatambulishwa na Yanga. Wino ulikuwa haujakauka. Desemba 2022, huku mkataba wake ukiwa bado unaendelea hadi mwaka 2024, aliagana na Yanga kwa maandishi na kuingiza katika akaunti ya klabu Sh milioni 112: milioni 100 za kuvunja mkataba, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Kwa uelewa wake alikuwa amejinunua. Yanga walikataa. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Maombi ya mapitio nayo yakagonga mwamba.

Je, alikuwa sahihi kisheria? Kwa maoni yangu kamati haikukosea katika msingi. Mkataba wenye muda maalumu si mlango wa hoteli, na kifungu cha fidia hakimpi kila mtu ruhusa ya kuondoka asubuhi anayoitaka. Hapa ninatofautiana na rafiki zangu waliomwona kama shujaa wa wanyonge. Tofauti kati ya Chama wa mwaka 2024 na Fei Toto wa mwaka 2022 ni kubwa: mmoja alisubiri siku ya mwisho ya kipande chake, mwingine aliona siku zimekuwa nyingi mno. Lakini vijiwe vyetu viliwapa wote wawili jina lilelile, na hapo ndipo ninapopata shida. Kama anayefuata mkataba hadi mwisho na anayeukata katikati wote ni watoro, basi mkataba wenyewe una maana gani?

Na namna mambo yalivyokwisha inanisumbua zaidi. Fei Toto alikaa nje nusu msimu mzima. Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika bila yeye, wakashinda Algiers bao 1-0 na bado wakalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Siku chache baadaye, Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika Ikulu, na katika hotuba yake akawasihi viongozi wa klabu walimalize suala la kijana yule. Halikuchukua wiki: Azam FC wakamtangaza. Msimu uliofuata akafunga mabao 19, akazidiwa na Aziz Ki peke yake.

Kila mtu alifurahi, na mimi nilifurahi kwa ajili ya kijana. Lakini mwanahistoria huuliza kimebaki nini kwenye jalada. Robertson aliacha suluhu ya mahakama iliyobadilisha mikataba ya mamia. Bosman aliacha hukumu yenye jina lake. Bernard Morrison, aliyeondoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020 kwa vita ya karatasi iliyotuchosha sote, walau aliacha uamuzi wa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, wa mwaka 2021, uliosema nani alikuwa na haki. Kesi ya Fei Toto imeacha hotuba ya mama mwenye huruma. Mchezaji wa daraja la pili ambaye Ikulu haimjui jina, anayedai mishahara ya miezi minne au anayetaka kujua bei halali ya kuvunja mkataba wake, hana cha kunukuu.

Wakati huohuo, timu zenyewe zinahama kwa wepesi ambao hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuwa nao. Singida Black Stars ambayo vijana wa Misigiri wanaiita yetu ilikuwa Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya, hadi mwaka 2024. Mwaka huohuo Singida Fountain Gate waliondoka Liti, uwanja ambao watu wa umri wangu bado tunauita Namfua, wakaenda Mwanza, kisha wakalidondosha jina la Singida na kuhamia Babati. Oklahoma City ya Hasheem nayo ilikuwa Seattle hadi mwaka 2008. Niliwauliza wale vijana: mashabiki wa Mbarali waliamka wakakuta timu imeondoka na jina limebadilika, nani alimwita mwenye timu msaliti? Yule wa jezi nyekundu akacheka. "Mwalimu, yule ni tajiri. Tajiri hahami, anawekeza."

Dereva alipiga honi. Kijana aliyenitambua alinisindikiza hadi mlangoni mwa basi, akaniuliza kama babu alirudi kutoka Korogwe.

Alirudi, nikamwambia, na blanketi moja na kikohozi. Mwaka uliofuata akaenda tena. Safari hiyo hakumpitia wakala wala hakupanda lori la SILABU. Aliondoka na wenzake watatu kwa gharama zao, kama walivyofanya wengi waliokwisha kuyajua mashamba, wakapita wakiuliza wapi wanapima kazi kwa haki na wapi wanalipa kwa wakati, na walipochagua ndipo wakachukua kipande.